Kitanzi Kisicho na Mwenyewe

Mshtakiwa wa wizi akitiwa hatiani, wakili wake husimama kumwombea apunguziwe adhabu: ni kosa lake la kwanza, ana watoto wanaomtegemea, amesota mahabusu muda mrefu. Hakimu husikiliza, hupima, kisha hutamka. Kwenye kesi ya kuua kwa kukusudia, maombi hayo hayana pa kufikia. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, kwa Tanzania Bara, kimekwishaamua kabla jaji hajafungua mdomo: kifo.

Kila tunapobishana ifutwe au ibaki, tunazungumza kana kwamba yupo mtu aliyeishika adhabu hii mkononi. Mtafute, humpati. Jaji hana hiari, sheria imemlazimisha. Rais, ambaye bila saini yake hanyongwi mtu, hasaini. Tangu 1994 kitanzi hakijatumika. Mwaka 2017, akimwapisha Jaji Mkuu, Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba yeye asitegemewe kwa kazi hiyo.

Hata mahakama ilipopata nafasi ya kulimaliza jambo hili, ililirudisha mlangoni. Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kuwa ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, halafu ikaiacha ilipo, kwa kuwa ibara ya 30(2) inaruhusu haki kubanwa kwa masilahi ya umma. Je, inahitajika kweli kulinda uhai? Hilo, ikasema, ni la jamii kuamua. Jamii, kwa upande wake, inadhani mahakama ilishaamua.

Wanaotaka ibaki wasidharauliwe. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama na kuwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, wengi walishusha pumzi, na mimi siwezi kuwalaumu. Mtoto alikatwakatwa kama bidhaa. Ila tangu 1994 hajanyongwa mtu, na walioshusha pumzi siku ile walipewa neno tu.

Sasa tuseme ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba, mmoja anainua jembe. Jaji akiona alikuwa na dhamira ovu, mtu huyo anapata adhabu ileile ya muuaji wa kukodiwa. Akiona hakuwa nayo, kosa linakuwa kuua bila kukusudia, na adhabu yaweza kuwa chochote, kuanzia kifungo cha nje hadi kifungo cha maisha. Kati ya kitanzi na kifungo cha nje kuna swali moja tu: alikusudia nini dakika ile? Na swali hilo hujibiwa kwa kutazama ukubwa wa jeraha, silaha, maneno aliyoyatamka na alivyokimbia. Binadamu hukosea katika hayo.

Majirani wamekwishaling'oa neno «lazima»: Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, ya Kenya mwaka 2017 katika kesi ya Muruatetu. Rwanda, yenye kila sababu ya kulipiza baada ya mauaji ya kimbari, iliifuta adhabu yenyewe mwaka 2007. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliiambia Tanzania katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kunakiuka haki ya kuishi, ikatoa mwaka mmoja sheria ibadilishwe. Mwezi huohuo serikali iliondoa ruhusa ya watu binafsi kuipeleka moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Mimi nasema ifutwe, na neno «lazima» litangulie kuondoka. Kunyamaza kwa marais si sheria. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo nao walikaa bila kunyonga wala kupiga risasi waliohukumiwa, tangu 2003. Machi 2024 ukatoka waraka wa Wizara ya Sheria, na usitishaji wa miaka zaidi ya ishirini ukaisha.