Mbao, Mawe na Udongo: Kila Kimoja na Kazi Yake

Kila baada ya mvua za masika, kuna familia hapa Kilifi zinazoanza upya kutafuta nguzo na udongo ili kukarabati ukuta ulioanguka. Mara nyingi kosa si la mti wala la udongo. Kosa huwa pale chini, ambapo nguzo iliyozikwa ardhini hukutana na maji na mchwa.

Jawabu si lazima liwe nyumba ya saruji tupu. Utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Mti, kwa upande wake, hufyonza hewa hiyo unapokua. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, nayo hubaki humo mradi mbao haijaoza wala kuchomwa.

Wazee wetu wa Pwani walilijua somo la kuchanganya vifaa. Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko. Jiwe hubeba uzito, boriti huhimili dari.

Mjenzi wa leo anaweza kufuata kanuni hiyo hivi:

• Msingi: Tumia mawe, uinuke juu ya ardhi kupita maji ya mvua. Tandaza juu yake karatasi ya kuzuia unyevu.

• Nguzo: Chagua mvinje uliokomaa na kukauka, uliotolewa maganda. Usiuzike, ufunge kwa vyuma juu ya msingi.

• Ukuta: Matofali ya udongo ya kushikana huchanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Hayachomwi, hivyo hayamalizi kuni.

• Paa: Upenu mpana hukinga ukuta dhidi ya mvua. Funga kenchi kwa ukanda wa chuma ili upepo usiing'oe.

Tahadhari: Ukitumia nguzo zilizotiwa dawa, usipikie mabaki yake. Baadhi ya dawa hizo zina sumu ya aseniki, na moshi na majivu yake ni hatari kwa afya.

Mikoko hailindi samaki tu, bali pia ufuo wetu. Kuikata bila kibali cha Huduma ya Misitu Kenya (KFS) ni kosa kisheria. Mvinje hukua haraka na unaweza kuupanda shambani mwako mwenyewe.

Kabla ya kuchimba msingi, wasilisha ramani ya nyumba yako kwa ofisi ya kaunti inayoshughulikia mipango ya ardhi ili upate idhini, na umtumie fundi aliyehitimu. Gharama ya kuinua msingi hulipwa mara moja. Ya kujenga upya ukuta hurudi kila masika.