Treni ya mboga ya usiku: kwa nini ilisimama, na sisi tujifunze nini

Wafanyabiashara wa nyanya, vitunguu na ndizi wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki huuliza: mbona mazao haya yasipakiwe kwenye treni jioni, yakafika sokoni alfajiri? Nchini Ufaransa jambo hilo lilifanyika kwa miaka mingi, na yaliyoikuta treni hiyo yanaonyesha ugumu uko wapi.

Njia yenyewe

Treni ilitoka Perpignan, mji ulio karibu na mpaka wa Uhispania, hadi Rungis, soko kubwa la jumla nje kidogo ya Paris. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na reli iliingia hadi ndani ya soko.

Mzigo mwingi ulitoka Uhispania na Morocco. Ulifika Perpignan kwa malori, ndipo ukahamishiwa kwenye mabehewa ya baridi. Reli za kawaida za Uhispania zina upana wa milimita 1,668, za Ufaransa 1,435, kwa hiyo behewa la kawaida halivuki mpaka moja kwa moja.

Kwa nini ilisimama

Julai 2019 treni ilisimamishwa. Mabehewa yalikuwa na umri wa miaka 40 hivi na ukarabati wake ni ghali. Wateja walikuwa wachache, na treni ilirudi kusini tupu, maana yake mzigo wa kwenda ulibeba gharama za safari mbili. Mboga zikahamia barabarani. Treni ilirejea Oktoba 2021, baada ya serikali kuingilia kati na mabehewa kukarabatiwa.

Na kwetu?

Tatizo la upana wa reli tunalo pia. Reli ya kisasa ya Kenya, iliyofika eneo la Naivasha mwaka 2019, ina milimita 1,435. Reli ya zamani inayokwenda Malaba, mpakani na Uganda, ina milimita 1,000. Mzigo lazima uhamishwe.

Kwa saruji, saa chache si hoja. Kwa nyanya, kuchelewa ni kukosa wanunuzi wa alfajiri na kuuza kesho yake kwa bei ya hasara.

Basi kabla ya kudai treni, tuulize: nani atatunza baridi wakati wa kuhamisha? Reli itaishia sokoni, au tutakodi lori tena? Na treni itarudi na mzigo gani?