Ufahamu wa Kusoma na Mlango wa Chuo Kikuu: Hali ya Njombe na Makambako

Tanzania haina mtihani mmoja wa kupima vipaji kwa ajili ya kuingia chuo kikuu, kama ule wa SAT ambao Marekani imeutumia tangu 1926. Kazi hiyo hufanywa na mtihani wa Kidato cha Sita, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1973, miaka miwili baada ya nchi kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mwombaji wa shahada ya kwanza anatakiwa kwa jumla kuwa na ufaulu wa prinsipo katika masomo mawili wenye pointi zisizopungua 4, ambapo daraja A huhesabiwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kwa hesabu hiyo, kupanda daraja moja tu katika somo moja kwaweza kuamua kama kijana ataingia chuoni mwaka huo au atabaki nyumbani.

Miongoni mwa mambo yanayoweza kumpandisha mtahiniwa daraja hilo moja, lipo ambalo shule nyingi hulipa nafasi ndogo: ufahamu, yaani uwezo wa kusoma kifungu cha habari, kukitambua kilichosemwa na kilichodokezwa, na kukijibia maswali bila kukiongeza wala kukipunguza. Ufahamu hutahiniwa waziwazi katika masomo ya lugha, Kiswahili na Kiingereza, ambako mtahiniwa hupewa kifungu, akaulizwa maswali na kutakiwa kukifupisha. Lakini hutahiniwa pia kwa siri katika Jiografia, Biolojia, Uchumi na masomo mengine, kwa kuwa maswali yake yameandikwa kwa Kiingereza, na mtahiniwa asiyetofautisha kitenzi kinachomtaka aorodheshe na kinachomtaka ajadili hupoteza alama katika mada anayoijua vizuri. Alama hizo hazihesabiwi popote kuwa ni za ufahamu, na ndiyo maana hasara yake haionekani.

Mazingira ya Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, yanaonyesha jinsi jambo hili lilivyo na mizizi mirefu. Mtoto wa kijiji cha Wabena, au wa milima ya Wakinga na Wapangwa, mara nyingi huanza maisha katika lugha ya nyumbani, akafundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza akakutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia karibu kila somo. Mwenzake wa Makambako, mji uliokulia mahali ambapo barabara kuu ya Zambia huachana na ile ya Songea na ambapo treni ya TAZARA husimama, huenda amekizoea zaidi Kiswahili kwa sababu ya mchanganyiko wa wafanyabiashara na wasafiri, ila mbele ya Kiingereza cha darasani wote wawili huanzia karibu pamoja. Tatizo hili si la mkoa mmoja, wala si jipya. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania, na mojawapo ya matokeo yao ni kwamba kiasi cha asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia ndipo elimu kwa Kiingereza ianzie.

Kuhusu namna ufahamu unavyojengeka, maelezo mepesi zaidi yalitolewa mwaka 1986 na Philip Gough na William Tunmer, waliosema kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Walitumia kuzidisha badala ya kujumlisha, kwa hoja kwamba kimoja kikiwa sifuri, jawabu lote ni sifuri. Mwanafunzi wa Kidato cha Tano husoma kwa sauti aya nzima ya Kiingereza bila kukwama, mwalimu akaridhika, kumbe upande wa pili wa hesabu ni mdogo mno. Watafiti wa msamiati nao wamependekeza kwamba msomaji huhitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ili aelewe matini bila msaada. Katika kifungu cha maneno 300, maneno 6 mageni hayamzuii msomaji kukisia maana kutokana na muktadha, lakini yakifika 15, kila kisio hutegemea kisio jingine.

Msamiati peke yake, hata hivyo, hautoshi. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie, nchini Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu kinachosimulia mchezo wa besiboli na kugundua kwamba wasomaji dhaifu waliokuwa wakiujua mchezo huo walikielewa na kukikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Somo lake kwa Njombe liko wazi: kifungu kuhusu chai au viazi mviringo kitasomwa kwa wepesi, ilhali kifungu cha urefu uleule kuhusu matumbawe ya bahari au riba za benki kitaonekana kigumu, ingawa sarufi yake ni ileile.

Maarifa hayohayo, na hapa ndipo watahiniwa wengi wazuri huanguka, humponza anayeyatumia mahali pa kifungu. Uchukuliwe mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya: “Wakulima kadhaa wa Njombe wameacha kupanda misindano na kugeukia parachichi. Msindano huchukua miaka mingi kabla ya kuvunwa, lakini ukishashika hauhitaji kumwagiliwa. Mparachichi wa kupandikizwa huanza kuzaa mapema zaidi, ila mkulima asiye na maji ya kiangazi huambulia matunda madogo ambayo wanunuzi wa nje huyakataa.” Swali linauliza mwandishi anamdokezea nini mkulima anayefikiria kubadili zao, na majibu yaliyotolewa ni manne: kwamba parachichi lina faida kuliko mbao, kwamba wakulima wa Njombe wote wameacha misindano, kwamba mparachichi wa kupandikizwa huzaa mapema, na kwamba uamuzi wake utegemee upatikanaji wa maji.

Jibu la kwanza ni la mitaani. Kijana amelisikia mnadani na nyumbani, huenda hata ni kweli, lakini kifungu hakikulinganisha faida. La pili limeteka neno “kadhaa” na kuliweka “wote” mahali pake, mtego mdogo unaowanasa wenye haraka. La tatu ndilo hatari kuliko yote, kwa maana limo katika kifungu kwa maneno yaleyale, nalo ni sahihi. Kosa lake ni kwamba limesemwa waziwazi, na swali liliuliza kilichodokezwa. Jibu la nne halimo kwa maneno hayo popote, bali hupatikana kwa kuunganisha sentensi mbili za mwisho. Mwanafunzi aliyezoeshwa kueleza kwa nini majibu matatu si sahihi hujifunza zaidi katika swali hili moja kuliko aliyesahihishiwa maswali thelathini kwa kuambiwa herufi tu.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya mazoea ya pasipepa, yaani kujibu mitihani ya miaka iliyopita mfululizo katika miezi ya mwisho. Mitihani hiyo humzoesha mtahiniwa muundo na muda, lakini haimwongezei msamiati wala maarifa, na kuifanya ndiyo masomo yenyewe ni sawa na kumpima mtoto uzito kila siku bila kumlisha. Faida yake huongezeka ikisomwa sambamba na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo NECTA huzitoa bure katika tovuti yake zikiwa na vielelezo vya majibu mazuri na mabaya. Kosa la kunakili sentensi nzima za kifungu mahali palipotakiwa ufupisho kwa maneno ya mtahiniwa mwenyewe linajulikana kwa kila msahihishaji wa lugha, na ni ajabu kwamba hati inayoyaweka wazi makosa ya namna hiyo haitumiki katika kila darasa.

Lishe yenyewe ni usomaji mpana. Huko Fiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini ambako Kiingereza ni lugha ya pili, na wanafunzi wakawapita kwa mbali wenzao waliobaki na masomo ya kawaida. Tanzania nayo, baada ya ripoti ya Criper na Dodd, ilipata mradi wa Uingereza uliosambaza vitabu vya kusoma kwa ngazi katika sekondari. Wazo lilikuwa sahihi. Kwa maoni ya makala haya, lilistahili kuendelezwa kwa fedha za ndani.

Upana huo una umuhimu hata kwa wachache wanaoomba vyuo vya Marekani. SAT ya kompyuta, iliyoanza kutumika nje ya Marekani mwaka 2023 na ndani yake mwaka 2024, hutoa vifungu vifupi vya maneno 25 hadi 150, kila kimoja na swali lake, na mada hubadilika kutoka sayansi hadi fasihi bila kumpa msomaji nafasi ya kuzoea.

Shule za Njombe na Makambako hazilazimiki kusubiri mradi mwingine. Mkuu wa shule aweza kutenga nusu saa ya kusoma kimya kila siku na kuwaagiza walimu wa masomo yote, wa Biolojia kama wa lugha, wasome swali pamoja na wanafunzi kabla ya kulijibu. Kidato cha Tano huanza Julai na mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika Mei ya mwaka wa pili unaofuata, takribani miezi 22; mwanafunzi anayesoma kurasa tano kwa siku katika muda huo, likizo zikiwemo, ataingia katika chumba cha mtihani akiwa amesoma kurasa zaidi ya 3,000.