Utangulizi: Kutoka Karakana hadi Sokoni

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wahandisi wakaingia kazini. Mwaka 1990 magari yaliyopewa jina la Nyayo Pioneer yalioneshwa hadharani Kasarani, na katika majaribio yalifikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Yaliundwa matano. Serikali ikaanzisha Nyayo Motor Corporation ili iyatengeneze kwa wingi, fedha hazikupatikana, na shirika hilo baadaye likageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha kuchonga vipuri. Hakuna mwananchi aliyewahi kuingia dukani akanunua Nyayo Pioneer.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na msimulizi huishia kuwacheka wahandisi. Huko ni kuwaonea. Walichoagizwa walikitimiza: gari liliwaka, likaenda. Maswali yaliyobaki bila majibu hayakuwa ya injini. Nani angenunua magari elfu kadhaa kila mwaka, mwaka baada ya mwaka? Nani angemkopesha mnunuzi? Likiharibika Kitale au Lamu, fundi angepata wapi kipuri? Tayari palikuwa na viwanda vya kuunganisha magari ya kigeni Thika, Mombasa na Nairobi, navyo vilikuwa vikigombania soko dogo. Kisha katika miaka ya 1990 milango ya biashara ikafunguliwa, na magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika. Hata kama fedha za kiwanda zingepatikana, Pioneer lingekutana na ushindani ambao hakuna profesa aliyeuchora mezani.

Maswali ya namna hiyo ndiyo taaluma ninayokukaribisha ndani yake. Inachunguza safari ya kitu kipya kutoka kichwani mwa mtu hadi mikononi mwa watu wasiomjua. Misingi yake ni ya zamani kidogo. Mwaka 1911 mchumi Joseph Schumpeter alimtenganisha mvumbuzi na yule anayeupeleka uvumbuzi sokoni, akasema kazi hizi mbili zina tabia mbili, na mara chache hukutana katika mtu mmoja. Mwaka 1962 Everett Rogers, aliyeanza kwa kuchunguza wakulima wa Iowa, akaonesha kwamba kitu kipya huenea kwa mkondo unaoweza kufuatiliwa: wachache hujaribu, jirani hutazama, kisha wengi hufuata. Kwetu, jina la kwanza kulijua ni Calestous Juma, mwana wa Busia aliyewahi kuandika habari za sayansi katika gazeti la Daily Nation, akaanzisha kituo cha utafiti wa sera za teknolojia Nairobi mwaka 1988, na akaishia kuwa profesa Harvard. Kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kinaeleza kwa nini jamii hupinga vitu vipya, tangu kahawa hadi matrekta. Msomi mwingine, Kenneth King, aliwafuata mafundi wa jua kali wa Kenya, yaani wale wa karakana ndogo zisizo rasmi, kwa miongo kadhaa. Msome yeye kabla ya mchumi yeyote wa Ulaya, kwa sababu alikaa karakanani.

Tuingie karakanani nasi. Chukua jiko la makaa lililo katika nyumba nyingi za Nairobi: limebanwa kiunoni, juu pana, chini pana. Nje ni bati lililokunjwa na kupigwa ribiti kwa mkono. Nusu ya juu, kwa ndani, ina bakuli la udongo uliochomwa lenye matundu, limeshikizwa kwa saruji. Chini kuna mlango mdogo wa kuingiza hewa na kuzoa majivu. Udongo huo huzuia joto lisikimbie pembeni kama linavyokimbia katika jiko la bati tupu, na mkaa unaotumika hupungua sana. Ukitazama haraka utadhani ni kitu kilichokuwapo tangu enzi za mababu. Umbo hilo halifikishi nusu karne.

Lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkaa ulipokuwa ukipanda bei na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati jadidifu ukafanyika Nairobi mwaka 1981. Wazo la kuweka udongo ndani ya bati lilitoka Thailand. Hapa ndipo wanafunzi wangu huanza kunong'ona: kumbe si letu! Tulieni. Karibu kila uvumbuzi mkubwa duniani una mjomba nchi nyingine. Cha kutazama ni kilichotokea baada ya wazo kufika. Wahandisi, mashirika na mafundi wa jua kali waliligeuza na kulirekebisha. Kile kiuno kilifanya bakuli la udongo lipungue ukubwa na lisipasuke ovyo, na jiko likabaki kitu ambacho fundi wa Shauri Moyo angeweza kukitengeneza kwa nyundo na patasi alizokuwa nazo. Mfinyanzi alichoma mabakuli kwake, mpiga bati akakunja bati kwake, mwingine akaunganisha kwa saruji, mchuuzi akabeba. Hapakuwa na kiwanda kimoja kikubwa ambacho kingefilisika na kuzika mradi mzima.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa watu wenye uwezo kidogo, maana jiko hilo lilikuwa ghali kuliko la bati tupu. Halikupewa ruzuku. Mafundi walipoona linatoka, wakaiga, ushindani ukazidi, bei ikashuka hadi mama wa kipato cha chini akalimudu. Liliigwa Kenya nzima, likavuka mpaka hadi Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia.

Sasa niambie: uvumbuzi huu ulifaulu? Kwa mpishi, ndiyo. Kwa taifa, ndiyo. Kwa waliokesha wakilitengeneza, hapana, maana hapakuwa na hataza iliyolilinda, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuzuia wengine wasimwige kwa muda maalumu. Na kuiga bila msimamizi kulikuwa na gharama nyingine: mabakuli yaliyochomwa nusunusu yalijaa sokoni, yakapasuka baada ya miezi michache, na aliyelipa zaidi kwa jiko bora akajiona mjinga. Mimi huegemea upande wa mafundi walioiga. Lingefungiwa kwenye hataza mwaka 1983, sidhani lingefika Kampala. Wenzangu wa sheria hunibishia vikali, nao wana hoja.

Mizani inapinduka kabisa tukifika M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Ilizinduliwa na kampuni ya simu ya Safaricom Machi 2007, na leo Mkenya yeyote ataapa kuwa ni yetu. Wazo lilianzia Vodafone, Uingereza, likasaidiwa na fedha za umma za nchi hiyo. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo, lakini watumiaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao kwa mambo yao. Kampuni ikawasikiliza, ikaacha mikopo, ikaja na ujumbe wa kutuma pesa nyumbani. Benki Kuu ya Kenya nayo iliruhusu jambo hilo liendelee chini ya uangalizi wake kabla sheria mahususi haijaandikwa. Kwa hiyo wateja, mawakala vibandani na mdhibiti walikuwa Wakenya. Chapa na mfumo vilikuwa mali ya Vodafone. Seva zilikaa Ujerumani hadi 2015. Chapa yenyewe ilinunuliwa na Safaricom pamoja na Vodacom ya Afrika Kusini mwaka 2020. Miaka 13 kitu kilichobadili maisha ya nchi kilikuwa na mwenyewe mbali.

Msomaji atauliza sheria ilikuwa wapi. Hadi mwaka 1990 Kenya haikuwa na ofisi yake ya kuchunguza na kutoa hataza. Mvumbuzi alilazimika kuipata kwanza Uingereza, ndipo aiandikishe Nairobi. Fikiria fundi wa Gikomba akiandikiana na mawakili wa London. Sheria ya mwaka 2001 ilianzisha taasisi ya sasa ya mali ya viwanda, KIPI. Hataza hudumu miaka 20, na kuna hati nyepesi zaidi, ya miaka 10, kwa maboresho madogo yanayofaa. Hii ya pili ndiyo inayomfaa fundi wa kawaida, na ndiyo asiyoambiwa. Sheria ya mwaka 2013 ikaongeza wakala wa ubunifu na mfuko wa utafiti.

Ofisi zipo, basi. Kizuizi kimehamia kwingine, na ningependa uende ukakitafute kwa macho yako. Benki hutaka hati ya shamba kama dhamana, hataza haiitambui. Zabuni ya serikali hutaka hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita, jambo ambalo kampuni iliyozaliwa mwaka jana haiwezi kuwa nalo. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala, na mashine aliyoiunda hubaki kona ya maabara ikifunikwa kwa turubai. Maonesho ya ubunifu hayakosekani, wala picha na waziri. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kwanza anayelipa kwa wakati na kurudi kununua tena. Kwa maoni yangu serikali ingefanya mengi zaidi kwa kuwa mteja mwaminifu kuliko kwa kuwa mfadhili wa mashindano, na kuhesabu hataza zilizotolewa ni njia duni ya kupima ubunifu wa taifa.

Taaluma hii ina pengo moja ambalo wewe unayeanza unaweza kuliziba mapema. Ripoti za wafadhili kuhusu jiko zimehifadhiwa maktabani. Masimulizi ya wafinyanzi, wapiga bati na wachuuzi waliolieneza yamo vichwani mwao, nao sasa ni wazee. Nenda kwenye karakana za Kamukunji, Nairobi, na daftari. Uliza nani alikuonesha, ulimuuzia nani la kwanza, ulipata hasara lini, nani alikukopesha. Andika majibu kwa maneno yao, pamoja na bei, kabla hujasoma nadharia ya mtu yeyote, mimi nikiwemo.