Kuvua jangwani: Anza na maji, ndoana baadaye

Mtu aliyekulia Chiwata, Newala au penginepo katika uwanda wa juu wa Makonde hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Mvua huko hunyesha, korosho na mihogo hustawi, lakini udongo wa kichanga huimeza yote na juu ya uwanda hakuna mto. Kwa miaka mingi akina mama walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Huko hata harusi haikupangwa kabla ya kuuliza maji yatatoka wapi. Juma hili naazima swali hilo kwa ajili ya wakazi wa mijini wanaotamani kwenda kuvua Ziwa Turkana, kaskazini ya Kenya.

Utashangaa: maji yakosekaneje ziwani? Turkana lina urefu wa kilometa 250 hivi, nalo ndilo ziwa la kudumu kubwa kuliko yote duniani lililomo jangwani. Karibu maji yake yote huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, wala hakuna mto unaoyatoa. Jua ndilo linaloyapunguza, na chumvichumvi hubaki. Maji hayo yana magadi na madini ya floridi, ambayo huharibu meno na mifupa ya wanaoyanywa miaka mingi. Kwa hiyo mgeni hana budi kuchukua maji yake kutoka mjini Lodwar. Weka lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili juu yake, maana gari likikwama mchangani mchana wa nyuzi 35, hakuna kisima cha jirani.

Jambo la pili ni samaki mwenyewe. Sangara wa huko aweza kumzidi mtu mzima kwa uzito, na sato wapo pia. Lakini katika joto lile samaki huanza kuharibika saa chache tu baada ya kufa. Hata wakubwa walijikwaa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol. Gharama ya umeme wa kugandishia ikazidi bei ya samaki, na Ghuba ya Ferguson, walikovuliwa samaki wengi, ikakauka. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi mno. Wenyeji waliendelea kukausha samaki kwa chumvi na jua, kwa hakika bila mkopo wa mtu! Nawe fanya hivyo: mpasue mara moja, mtoe matumbo, tia chumvi kilo moja kwa samaki kilo tatu au nne.

Usimsafishie majini hata kidogo. Mamba ni wengi, na harufu ya damu huwaita.

Upepo nao una ratiba yake. Huvuma kwa nguvu kutoka kusini-mashariki, hasa usiku na asubuhi, na mawimbi yake huzamisha mitumbwi. Mara nyingi hutulia alasiri. Anayezoea kutoka alfajiri kama wavuvi wa pwani yetu itambidi abadili saa yake, akodi chombo cha mwenyeji, na avae jaketi la kuelea.

Usitegemee ramani ya zamani. Ziwa lile lile lililorudi nyuma miaka ya 1980 lilipanda kuanzia mwaka 2020 hivi na kufunika makazi ya pwani. Kaskazini, upande wa Todonyang karibu na mpaka wa Ethiopia, Waturkana na Wadaasanach wamepigana mara nyingi juu ya sehemu za kuvulia. Huko usiende kwa kutalii. Fika Lodwar kwanza, uliza polisi na ofisi ya uvuvi, chukua kibali chako, kisha ndipo ujaze madumu.