Michezo ya Jamvini Wakati wa Masika na Siha ya Akili ya Mtoto

Masika yaingiapo, kati ya Machi na Mei, mto Pangani ukafura katika mabonde ya Korogwe na barabara za udongo za Handeni zikageuka utelezi mtupu, watoto hukaa ndani saa nyingi, na mzazi aliyechoshwa na makelele yao hushawishika kuwapa simu ili wanyamaze. Elimu ya afya inatubainishia kwamba saa hizo, zikitumiwa kwa michezo ya mikono mezani au jamvini, ni fursa adhimu ya kujenga akili ya mtoto, wala hazihitaji mali nyingi.

Ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kubwa katika miaka ya mwanzo, na mtoto afikapo miaka sita ukubwa wake huwa umekaribia sehemu tisa kati ya kumi za ubongo wa mtu mzima. Njia za mawasiliano baina ya chembe zake huimarika kwa kutumiwa na hufifia kwa kuachwa. Mtoto afinyangapo udongo, macho na vidole vyake hujifunza kushirikiana, na misuli midogo ya kiganja hupata nguvu itakayoshika kalamu baadaye. Na achezapo bao, akalazimika kungoja zamu yake, kukumbuka kete na kuzuia pupa, huzoeza sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo inayotawala subira na tadbiri.

Ushahidi wa jambo hili ni dhahiri. Huko Jamaika, katika miaka ya 1980, wahudumu wa afya waliwatembelea watoto waliodumaa, saa moja kila juma kwa muda wa miaka miwili, wakiwafundisha mama zao kucheza na kuzungumza nao kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa watoto hao, walipokuwa watu wazima, walipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa bila kupata malezi hayo. Kwetu Tanzania, ambako uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, habari hiyo inastahili kusikilizwa kwa makini: lishe bora ni faradhi, na mchezo ni mwenzi wake.

Wenyeji wa wilaya za Handeni na Korogwe si wageni wa maarifa haya. Wazigua na Wasambaa tangu zamani walitumia sanamu ndogo za udongo kuwafunza vijana wao katika jando na unyago, na mtafiti wa mila Hans Cory aliziandikia kitabu mwaka 1956. Vifaa vingali tele: udongo wa mfinyanzi, magunzi na maganda ya mahindi ya Handeni, katani ya mashamba ya mkonge ya Korogwe, visoda, makasha ya karatasi, na uji mzito wa unga wa muhogo uwe gundi. Mtoto wa miaka mitatu au minne na afinyange, apange visoda kwa rangi na kubandika maganda. Wa miaka sita na zaidi na asuke katani, atengeneze nyumba za makasha, na ajifunze bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo peke yake ni madrasa ya hesabu. Mzazi naye aulize, asikilize na ataje majina ya vitu, kwani lugha hukua kwa mazungumzo.

Hata hivyo, hadhari ni lazima. Asiyetimiza miaka mitatu asipewe kete wala visoda, maana humpalia. Mbegu za nyonyo, na zile nyekundu zenye doa jeusi, zisichezewe, kwani ni sumu ya kuua. Na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya udongo, kwa hofu ya minyoo. Aidha, Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne apate dakika 180 za kujongea kila siku, 60 kati yake ziwe za kumfanya aheme, na asizidishe saa moja mbele ya kioo cha simu au televisheni. Basi mvua ikikatika, aachwe akimbie.

Enyi wazazi na walezi wa Handeni na Korogwe, mvua ijayo isiwakute bila udongo na magunzi pembeni: ketini na watoto wenu jamvini, japo kwa nusu saa kila siku.