Igizo la mizimu lisimtafute mlozi miongoni mwa wanyonge

Igizo la uchawi na mizimu likikatika pale msimu unapokwisha, watazamaji hugawanyika. Mmoja anaapa kwamba mke mdogo ndiye mlozi, mwingine anamshuku bibi wa nyumba ya pili, wa tatu anasema yule mtoto aliyeletwa na shangazi hakuja bure. Anayefuatilia maboke, ile michezo ya televisheni ya Kinshasa, au filamu za Nijeria na sinema za Bongo, awe Zongwe au Kalemie mjini, upande wa Kongo, au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kule Kigoma, anaungoja msimu ujao akiwa na swali moja: nani ataumbuliwa? Kwa maoni yangu tunajipunja. Swali hilo likishajibiwa hadithi imekufa, na mara nyingi linajibiwa kwa kumwangusha aliye mnyonge kuliko wote. Tungepaswa kutarajia kitu kikubwa zaidi: ulimwengu wa mizimu wenye masharti yanayojulikana tangu mwanzo, na mwenye kuyavunja ndiye alipe, hata akiwa tajiri, chifu au pasta.

Ziwa lenyewe limetupa mfano. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1878, mpelelezi Stanley aliandika masimulizi aliyopewa Ujiji kuhusu asili ya Tanganyika. Hapo zamani palikuwa na uwanda wenye miji na mashamba, na ndani ya ua wa mtu na mkewe palikuwa na kisima chenye samaki wasiokwisha. Sharti lilikuwa moja, nalo lilirithishwa toka kizazi hata kizazi: siri hiyo isitoke nje. Mume akasafiri kwenda Uvinza, mke akamwonyesha kisima mpenzi wake wa pembeni. Ardhi ikapasuka, uwanda ukazama na watu wake, na maji yakajaa mahali ambapo leo vipimo vinafika kina cha mita 1,470. Msikilizaji wa hadithi hii hashughuliki kumtafuta mchawi. Sharti analijua, anamwona mwanamke akilikaribia hatua kwa hatua, anatamani amzuie na hawezi. Hofu ya namna hiyo haiishi hata ukiwa umeshajua mwisho.

Kazi zilizodumu zimejengwa hivyo hivyo. Living in Bondage, filamu ya Nijeria ya mwaka 1992 iliyofungua njia ya biashara ya video nchini humo, haikuficha mwenye hatia. Andy anamtoa kafara mkewe Merit ili apate mali, nasi tunamwona akifanya. Mvutano wote unatokana na mzimu wa marehemu unaomfuata ndani ya utajiri wake. Kiu ya watazamaji haikukatika, na mwaka 2019 Ramsey Nouah aliongoza mwendelezo wake, miaka 27 baadaye. Huko Marekani, tamthilia ya Supernatural ilionyeshwa kuanzia 2005 hadi 2020, misimu 15 na sehemu 327. Haikufika huko kwa majini mapya peke yake. Mtazamaji alifundishwa mapema kwamba chumvi inazuia roho, na kwamba anayepatana na shetani kwenye njia panda kwa kawaida hupewa miaka kumi kabla ya kudaiwa. Kila msimu ulikuja na deni ambalo tayari tulikuwa tunalijua.

Kinshasa mambo yalichukua mkondo mwingine. Katrien Pype, mtafiti aliyeishi na kundi moja la waigizaji wa jiji hilo na kutoa kitabu chake mwaka 2012, ameeleza jinsi maboke yalivyofungamana na makanisa ya uamsho: maradhi au umaskini unaingia nyumbani, mlozi anafichuliwa, anaungama, na mtumishi wa Mungu anashinda. Kisanaa, kasoro iko wazi, kwa sababu mshindi anajulikana kabla ya sehemu ya kwanza kwisha. Lakini kasoro kubwa iko kwenye uchaguzi wa mlozi. Filamu ya Nijeria End of the Wicked ya mwaka 1999, iliyoandikwa na mhubiri Helen Ukpabio, ilionyesha watoto wakiingizwa katika kundi la wachawi, na watetezi wa haki za watoto wameilaumu kwa kuipa nguvu imani inayowafukuzisha watoto majumbani. Kwetu, ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2006 kuhusu watoto wa mitaani Kongo ilikuta kwamba wengi wao walitupwa nje baada ya kuitwa wachawi, mara nyingi yatima au watoto wa kambo. Mwaka huo huo katiba, katika kifungu cha 41, ilikataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 ikaweka adhabu. Msimu mpya ukimfanya yatima awe mlozi, unawasomea watu mashtaka ambayo nchi imeshayapiga marufuku.

Wapo watakaosema igizo ni mchezo tu, na kwamba mtu mzima anajua kutenganisha. Wengi wanajua, kweli. Lakini igizo la mizimu linapendwa hasa kwa sababu watazamaji wengi hawauhesabu uchawi kuwa ni ndoto za mwandishi. Mtunzi anayekula matunda ya imani hiyo hawezi kuikana siku inapomgeukia mtoto wa jirani. Wengine watasema kinyume chake: watu wanaamini, basi onyesheni wanachoamini. Hoja hii naiheshimu zaidi, wala siombi mizimu ifukuzwe kwenye skrini. Ila imani za pande hizi ni pana kuliko uchawi wa jikoni. Watabwa wa kusini mwa Kalemie wana ngulu, pepo wa milima, mapango na maji, ambao hawamilikiwi na bibi kizee yeyote na wana heshima wanazodai. Mtu akiyaamini hayo, naye ni mtazamaji, na ni nadra kuona imani yake ikiigizwa.

Kuna hoja ya fedha pia: kumfichua mlozi sebuleni ni rahisi, pepo wa mlimani wanataka kamera na ufundi. Nami najibu kwa kisa kisichohitaji ufundi wowote. Desemba 1884, askari wa Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga ngome Mpala, kando ya ziwa hili hili, walimuua Lusinga, chifu wa Watabwa, na kumkata kichwa. Storms alilibeba fuvu hadi Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mizimu ya ukoo. Sanamu iko katika jumba la makumbusho la Tervuren, na fuvu likaishia ndani ya sanduku katika taasisi ya sayansi asilia ya Brussels. Lusinga hakuwa malaika, maana aliuza watumwa na kuwatisha majirani, na hilo linaufanya mzimu wake uwe mgumu kuupenda na mgumu kuukatalia. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux alizifufua habari za fuvu hilo huko Ubelgiji, na 2022 sanamu ya Storms ikaondolewa kwenye uwanja wa umma mjini Brussels. Mtunzi wa Kalemie angehitaji nyumba moja, mzee wa ukoo, kijana aliyerudi kutoka Ulaya na ndoto inayomjia kila mtu kwa zamu: nirudishieni kichwa changu. Ugomvi wa ndani ya ukoo, nani alipe nauli, nani aogope kumpokea, na wajukuu wa wale aliowauza wana neno gani, unatosha kujaza msimu mzima bila kumshuku mtoto hata mmoja.